Wavu Uliosikia Neno la Kwanza

Siku Asajile alipokufa, ubao wa kliniki ulionyesha kwamba anaendelea vizuri.

Subilaga aliuona kwa macho yake. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya chai, naye amesimama na kikombe mkononi akipitia majina ya wagonjwa waliokuwa ndani ya siku arobaini za baada ya upasuaji. Majina sitini na moja, na kando ya kila jina taa ndogo. Taa ya mumewe ilikuwa ya kijani, kama ilivyokuwa jana, juzi, na siku zote tangu atoke wodini. Chini yake paliandikwa: siku ya kumi na tisa, jibu zuri, wavu umekazwa hatua moja. Akasoma, akaridhika, akashuka kwenye jina linalofuata.

Saa mbili kasoro dakika chache ikaingia simu ya jirani.

"Shemeji, acha kazi uje. Uje sasa hivi."

"Kuna nini?"

"We njoo tu."

Walimkuta Asajile ameketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, ameegemea nguzo, sahani ya ndizi za kuchemsha imewekwa chini pembeni yake kwa utaratibu, kama mtu aliyetaka kuimalizia baadaye. Alikuwa amejaribu kutapika, akajikaza sana, na umio ukachanika. Kipande cha ndizi alichokitoa daktari jioni ile kilikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Kilikuwa kimesimama juu kidogo ya wavu alioshonewa ndani, mahali ambapo kingepaswa kupita.

Watu walipoanza kujaa uani, Subilaga alikaa mkekani akiwa bado na sare ya unesi, na jambo moja lilimzunguka kichwani. Wiki nzima iliyopita alikuwa ameona sahani. Aliona Asajile anakunywa mchuzi na kuacha viazi. Aliona anatafuna kipande kimoja mpaka chai inapoa. Akauliza, ndiyo, aliuliza.

"Mbona huli?"

"Nakula taratibu, Subi. Si mlisema nile taratibu?"

"Inashuka lakini?"

Naye akacheka kile kicheko chake cha puani. "Muulize mwenzio wa kwenye simu. Mimi ripoti yangu nimeshatoa asubuhi."

Kesho yake Subilaga alifika kazini, akatazama ubao, akakuta kijani. Kati ya sahani na ubao, yeye aliuamini ubao.

*

Asajile alikuwa fundi seremala, lakini aliyemfahamu alimfahamu kwa tarumbeta. Miaka ishirini na miwili alipiga lile kubwa la besi katika bendi ya kanisa, lile linalomzunguka mpigaji kama chatu na kutoa sauti ambayo watu huisikia miguuni kabla ya masikioni. Mwaka wa ishirini kikaanza kiungulia. Akalala kwa mito mitatu. Akipuliza, maji machungu yalipanda mpaka kooni, na safari moja, katikati ya wimbo wa kuingilia, akaliweka tarumbeta chini akatoka nje. Hakulishika tena.

Kliniki ilimwonyesha tatizo kwenye picha. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo, msuli mpana uliotandazwa kama ngozi ya ngoma, nacho kina tundu moja ambamo umio hupita kwenda tumboni. Tundu lake lilikuwa limelegea, na tumbo lilikuwa limepenya kupanda kifuani. Ngiri ya ndani; huwezi kuiona wala kuishika kwa mkono.

Wapasuaji walimtoboa matundu matano, kila moja upana wa kalamu. Kwa kamera na koleo ndefu wakalivuta tumbo lirudi chini, wakalishona lile tundu la kiwambo, na juu ya mshono wakatandaza wavu.

Zamani nyavu zilikuwa bubu. Ukishona bila wavu, miaka michache mbele mshono unaachia na tumbo linapanda tena. Ukiweka wavu mgumu, wengine unawala, unajichimbia mpaka ndani ya umio. Madaktari walibishana juu ya jambo hilo kwa muda mrefu, kisha ikaja kampuni na wavu msikivu. Nyuzi zake ziliweza kusinyaa na kulegea kwa amri iliyopitia kwenye simu ya mgonjwa. Ungewekwa umelegea, kisha kila alfajiri kwa siku arobaini ungekazwa hatua moja, nyama ikizoea, mpaka tundu lifike kipimo chake na likae hapo maisha yote.

Wavu ulijua kupima nguvu kwa namba ndogo kabisa. Tonge haukulijua. Haukuweza kumtofautisha mtu aliyemeza vizuri na mtu ambaye hakumeza chochote. Kwa hiyo ilibidi aulizwe mwenyewe mgonjwa. Kila siku saa kumi na mbili na nusu mashine ilimpigia, ikamuuliza, na kwa jibu lake wavu ulikazwa, ulisimama au ulilegezwa.

Sauti ya mashine ilikuwa ya Subilaga. Miaka mitatu nyuma kampuni ilitafuta mtu mwenye sauti tulivu na Kiswahili kinachoeleweka na wazee, na manesi wenzake wakamsukuma mbele. "Subilaga akikwambia vua shati, unavua mpaka soksi," walisema.

*

Bwana Mushumbusi wa kampuni alifika siku ya tisa baada ya mazishi. Alikuwa mtu wa Bukoba, mtaratibu, anayeweka kalamu sambamba na karatasi kabla ya kuzungumza. Walikaa katika chumba cha mikutano cha kliniki, mlango umefungwa.

"Pole sana, dada Subilaga. Pole mno."

"Tumeshapoa."

"Mnaendeleaje nyumbani? Mama mzazi wa marehemu?"

"Salama tu."

Alilisikia neno lile likimtoka lenyewe. Mushumbusi hakutambua kitu.

"Nimekuja na rekodi," alisema. "Una haki ya kuzisikia. Ni siku kumi na tisa, na siku zote kumi na tisa alijibu kwamba ni mzima."

"Zifungue."

"Nimeziandika hapa, unaweza kusoma tu."

"Nimesema zifungue."

Akaweka simu mezani, akabonyeza. Subilaga alisikia sauti yake mwenyewe ya miaka mitatu nyuma, changamfu: *Habari za asubuhi, Asajile? Unajisikiaje leo?* Ikafuata sauti ya mumewe, nzito, ya usingizi: *Nzuri, namshukuru Mungu.* Kisha yeye tena: *Asante. Uwe na siku njema.* Mlio.

Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Siku ya nane Asajile alisema, *Nzuri. Ila...*, na ile sauti changamfu ikamkata: *Asante. Uwe na siku njema.*

Siku ya tisa: *Nzuri tu. Sasa kuna hiki ki...* *Asante. Uwe na siku njema.*

Siku ya kumi na mbili alijaribu kuwahi. *Nzuri-ila-jana-viazi...* Mlio.

Siku ya kumi na nne alicheka. *Nzuri, ndaga, asante sana. Mama, wewe siku hizi husikilizi mtu.* *Asante.*

Siku ya kumi na saba hakucheka. *Nzuri. Subi, nisikilize kidogo.* *Asante. Uwe na siku njema.*

Siku ya kumi na tisa alisema neno moja tu, *Nzuri*, akangoja akatwe.

Mushumbusi aliirudisha simu mfukoni.

"Mashine inachukua neno la kwanza," Subilaga alisema.

"Ndivyo walivyoitengeneza. Kule walikoitengeneza, mtu akiulizwa anajisikiaje na mashine ya hospitali, anataja kinachomuuma."

"Hapa anaitikia salamu kwanza. Hata mwenye msiba anaitikia salama, halafu ndiyo anasema. Wewe hulijui hilo? Bukoba hamsalimiani?"

"Nalijua." Akaigusa kalamu, akainyoosha. "Lakini dada, na mimi niseme ukweli. Karatasi ya mwanzo haikuwa na salamu. Iliandikwa swali tupu: unameza bila shida? Salamu uliiongeza wewe."

Ilikuwa kweli. Aliikumbuka siku ile, kile chumba kilichobandikwa sponji ukutani, na yeye akiirudisha karatasi: huwezi kumpigia mtu mzima alfajiri ukamuuliza koo lake kabla hujamjulia hali. Atakuona huna malezi. Waliokuwepo wakamsifu. Wakasema ndiyo maana wamemtaka mtu wa hapa.

"Mimi niliongeza salamu," alisema polepole, "nyie mkaifanya ndiyo jibu."

"Kila mtu ana kipande chake," Mushumbusi alisema. "Ndiyo maana tumeandika hivi, ili asiumizwe yeyote."

Akasogeza karatasi. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Chanzo cha kifo: mgonjwa hakutoa taarifa sahihi kuhusu hali yake kwa siku kumi na tisa mfululizo. Swali lililotumika lilikuwa sahihi kwa wakati wake. Mjane, ambaye pia ni mtumishi wa kliniki, anakubali. Chini, mstari wa kutia sahihi.

"Na nisipotia?"

"Faili linabaki wazi. Faili likiwa wazi mfumo wote unakuwa ushahidi, na ushahidi hauguswi. Hatuwezi kubadilisha hata herufi moja ya swali mpaka tume ya uchunguzi ikae. Mwaka, pengine miwili."

"Na watu sitini waliobaki?"

"Wataendelea kupigiwa."

"Kwa swali lilelile?"

"Kwa swali lilelile."

"Zima basi. Ubaoni kuna kitufe cha kusimamisha."

"Kimefungwa pamoja na mengine. Na ukisimamisha wavu katikati, dada, tundu linabaki nusu, tumbo linapanda upya na kunyongeka. Wewe ni nesi." Akashusha sauti. "Ukitia sahihi, kesho hiyohiyo unarekodi swali jipya. Uliandike wewe mwenyewe, upendavyo. Wanaijua sauti yako. Mtu mwingine akiwapigia watadhani ni matapeli."

Subilaga alisimama. "Marehemu alisema, Bwana Mushumbusi. Nimemsikia akisema."

"Nami nimemsikia."

"Halafu unataka niandike kwamba hakusema."

Mushumbusi aliisogeza kalamu karibu na mstari wa sahihi. Yeye pia alikuwa ameajiriwa.

*

Alijaribu njia nyingine kwanza. Kwa siku tatu alikaa na orodha na simu yake mwenyewe, akawapigia wagonjwa mmoja mmoja. Nia ilikuwa rahisi: awaambie kwamba mashine ikiwauliza, kama kuna kinachokwama, wajibu *mbaya* kabla ya neno lingine lolote.

Bibi Tusajigwe wa kijiji cha Masoko, mwenye siku ya kumi na sita, alipokea kwa furaha.

"Nesi wangu! Habari za huko?"

"Nzuri, bibi. Habari za kwako?"

"Nzuri kabisa, mwanangu. Pole na msiba."

"Asante, bibi." Subilaga akangoja. Alikuwa amejifunza kungoja. Alisikia kuku, na redio ya mtu.

"Ila," Bibi Tusajigwe alisema, "tangu juzi hata uji unagoma. Unakaa hapa kifuani kama nimemeza kigoda."

"Sasa nisikilize, bibi. Kesho mashine ikikuuliza unajisikiaje, sema *mbaya*. Neno la kwanza kabisa, mbaya."

"Mbaya?"

"Mbaya."

"Asubuhi na mapema, jua halijatoka, niitikie salamu mbaya? Mwanangu, huko si kujitabiria?"

"Ni mashine, bibi. Haina masikio ya kutabiriwa."

"Lakini sauti ni yako," alisema bibi, kwa upole. "Nitakuitikiaje wewe vibaya na juzi tu umezika?"

Akabembelezwa. Akaahidi. Akarudia mara tatu kwenye simu, mbaya, mbaya, mbaya, huku akicheka kwa aibu kama anayefundishwa matusi.

Asubuhi iliyofuata Subilaga alisimama mbele ya ubao tangu saa kumi na mbili na dakika ishirini. Alikuwa ameongea na watu kumi na wanane waliomwambia kwamba chakula kinakwama. Taa zikaanza kuwaka. Kijani, kijani, kijani. Nne tu zikawa nyekundu. Taa ya Bibi Tusajigwe ikawa ya kijani: siku ya kumi na saba, jibu zuri, wavu umekazwa hatua moja.

Akampigia papo hapo.

"Nilijua utanigombeza," sauti ya bibi ilikuwa nyembamba, imebanwa. "Nilijiandaa, mwanangu, nilikaa na simu mapajani. Lakini uliposema habari za asubuhi, mdomo ukanitangulia."

"Usile kitu kigumu, bibi. Hata ndizi. Maji ya uvuguvugu tu, kidogo kidogo. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Usilie sasa."

*

Mama yake Asajile alikuwa bado anakaa nyumbani kwa Subilaga tangu msiba, kwenye chumba ambacho tarumbeta la besi lilikuwa limeegemezwa kona, limefunikwa kanga. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyemlea mwanawe kwa fimbo na salamu. Mtoto akipita mbele ya mkubwa kimya, alirudishwa mpaka getini aanze upya.

Subilaga alimsomea karatasi yote, kwa sababu asingeweza kutia sahihi bila yeye kujua. Akamweleza kuhusu mashine. Kuhusu salamu, na nani aliyeiongeza. Kuhusu wale wagonjwa sitini. Hakuficha kitu. Mama mkwe alisikiliza akichambua maharage kwenye ungo, na mikono yake haikusimama mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wanasema mwanangu alidanganya."

"Wanasema hakutoa taarifa sahihi, mama."

"Ndiyo kudanganya kwa watu wenye kalamu." Akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Na wewe utawaandikia kwamba ni kweli."

"Nisipoandika, bibi mmoja wa Masoko atakufa wiki hii. Na wengine nyuma yake."

"Huyo bibi ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Asajile alikuwa mume wako."

"Ndiyo, mama."

Yule mama akautikisa ungo muda mrefu kuliko maharage yalivyohitaji.

"Aliniamkia kila siku ya maisha yake," alisema. "Akiwa na homa, aliniamkia. Siku mkewe wa kwanza alipokimbia, alikuja kwangu asubuhi, akaniamkia, nikamuuliza habari, akasema nzuri mama, na baada ya hapo ndipo akalia. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Sasa kuna mahali kwenye hiyo karatasi pa kuandika kwamba alikuwa na adabu?"

"Hakuna, mama."

"Basi kaandike hayo yao." Akasimama na ungo wake. "Ila usiniletee nakala. Na usiniambie kwamba umefanya vema, maana nitakuitikia vema kwa adabu tu."

*

Swali jipya Subilaga aliliandika mwenyewe, siku ile ile aliyotia sahihi. Lilimchukua muda mfupi kuliko alivyodhani. Mushumbusi alikaa nje ya kioo akiwa amevaa visikilizio, akampa ishara ya kidole.

"Meza mate," alisema kwenye kinasa sauti. "Yamepita, au yamekwama?"

Mushumbusi akabonyeza kitufe ili asikike. "Dada, angalau *tafadhali*. Au jina la mtu mwanzoni. Hivi ilivyo inakuwa kama unamfokea."

"Ukiweka jina ataitika. Akiitika, mtachukua kuitika kwake."

Mushumbusi alifikiri. Akaondoa kidole kwenye kitufe, na hawakurudia.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu simu ziliita. Ubaoni ziliwaka taa nyekundu ishirini na tatu kwa mpigo. Nyavu ishirini na tatu zikalegezwa, na mojawapo ilikuwa ya Masoko. Mchana Bibi Tusajigwe alikunywa uji kikombe kizima. Alipopiga simu kushukuru alisalimia kwanza, akauliza habari za nyumbani, za mama mkwe, za mvua, na Subilaga akaitikia zote nzuri. Baada ya hapo bibi akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake haya, kwamba ile sauti ya asubuhi imebadilika sana, na kwamba wajukuu wake wanasema nesi tangu afiwe amekuwa na kiburi.

"Waache waseme, bibi."

"Mimi nawaambia si wewe."

"Ni mimi," Subilaga alisema.

Karatasi imo kwenye faili, kabati la pili, na chanzo cha kifo kimeandikwa kama kilivyoandikwa, na sahihi ni yake. Tarumbeta la besi bado liko kona ile ile. Bendi haijapata mtu mwenye pumzi ya kulipiga. Mama mkwe amerudi kwake, na wakikutana kanisani Subilaga humwamkia, naye huitikia, na mazungumzo huishia hapo.

Kila siku saa kumi na mbili na nusu mashine huwapigia wagonjwa kwa sauti ya Subilaga. Humwambia kila mtu ameze mate, kisha humuuliza kama yamepita. Watu wengi wamepeleka malalamiko kliniki kwamba haina adabu. Haisalimii mtu.